Kabureta Inavuja Petroli: Tafuta Chanzo Kwanza, Spana Baadaye

Pikipiki ya zamani ikianza kudondosha petroli, wengi huenda moja kwa moja kununua seti ya vipuri vya kabureta. Wanaifungua, wanabadilisha kila kilichomo kwenye pakiti, wanaifunga, na kesho yake doa liko palepale sakafuni. Seti ile ina sindano, gasketi na oringi mbili tatu. Haina dawa ya bomba la shaba lililopasuka ndani ya bakuli, wala ya koki iliyochoka, wala ya boya lililotoboka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kabla ya kabureta kutolewa kwenye pikipiki. Ukijua petroli inatokea wapi na inatokea wakati gani, mara nyingi umeshajua kibovu ni nini, na kufungua kunabaki kuwa kazi ya kuthibitisha.

Kwenye pikipiki nyingi za zamani petroli huteremka yenyewe kutoka tangini, ikapita kwenye koki na kuingia kwenye kabureta bila pampu. Ndani ya bakuli la chini kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano ndogo iingie kwenye kiti chake, njia ikafungwa, kama vile boya la tangi la maji linavyofunga bomba. Injini ikinywa, boya hushuka na njia hufunguka tena.

Kabureta nyingi zina pia bomba jembamba la shaba lililosimama wima ndani ya bakuli, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya kimo cha kawaida cha petroli. Kimo kikizidi, petroli huingia kwenye mdomo huo na kutokea chini ya bakuli, kisha huteremka kwa mpira mwembamba hadi ardhini. Huu ndio mpira wa ziada, na ndio watu wanaouchukia kwa sababu ndio unaoonekana ukidondosha. Wapo wanaouziba kwa skrubu au kuukunja na kuufunga waya. Usifanye hivyo hata siku moja. Petroli iliyozuiwa kutoka nje hupanda mpaka kwenye koo la kabureta, na kutoka hapo huingia kwenye silinda au kwenye boksi la filta ya hewa. Ukikuta pikipiki uliyonunua ina mpira wa ziada ulioziba, chukulia kwamba mwenye nayo wa zamani alikuwa na tatizo hilihili.

Kabla ya kugusa chochote

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na pembe za chumba. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na mashine inayotoa cheche. Acha injini ipoe kabisa, kwa sababu petroli ikidondokea ekzosi ya moto hakuna kitakachokusubiri. Chomoa waya hasi wa betri. Weka chombo cha bati chini ya kabureta, na kizimamoto kiwe karibu na mkono wako. Matambara yaliyolowa yasirundikwe kwenye kona. Yatandaze nje yakauke.

Hatua ya 1: Kagua oili, tena kabla ya kujaribu kuwasha

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoweza kuokoa injini. Kama kabureta imevuja usiku kucha na koki ilikuwa wazi, sehemu ya petroli huenda haikwenda ardhini. Chomoa kijiti cha oili, au angalia kioo cha oili kama pikipiki yako ina hicho. Je, kimo kimepanda juu ya alama ya mwisho? Inusie. Je, ina harufu kali ya petroli? Iguse kwa vidole. Je, ni nyepesi kama maji? Jibu likiwa ndiyo, usiwashe. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi tena chuma, na beringi za krenki zitalipa gharama. Mwaga oili hiyo, lakini usiweke mpya mpaka uvujaji utengenezwe, la sivyo utaimwaga mara ya pili.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hiyo. Petroli ikijaa juu ya pistoni, ukabonyeza swichi ya kuwashia, pistoni itapanda na kukutana na kimiminika. Hewa hukandamizika, petroli haikandamiziki. Kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Dalili yake ni kiki inayogoma katikati ya safari yake, au stata inayozunguka kidogo kisha inaganda. Ukihisi hivyo, acha palepale. Fungua plagi zote na uziweke mbali, hakikisha hakuna cheche inayoweza kutokea, kisha zungusha injini polepole kwa kiki au kwa kusukuma pikipiki ikiwa kwenye gia. Simama pembeni, maana petroli itaruka kupitia tundu la plagi.

Kwenye injini za tustroki petroli hujikusanya chini, kwenye chumba cha krenki. Baadhi zina skrubu ya kuimwaga hapo chini. Zisizo nayo, toa plagi, koki ikiwa imefungwa, na upige kiki mara nyingi mpaka mvuke mzito ukome.

Hatua ya 2: Kausha, paka unga, ngoja

Petroli hupenda kutambaa. Inaweza kutokea juu, kwenye kiungo cha mpira na koki, ikateremka juu ya mwili wa kabureta na kudondoka kwenye ncha ya skrubu ya chini. Anayeangalia tone la mwisho tu ataapa kwamba bakuli ndilo linalovuja.

Funga koki. Safisha kabureta yote kwa nje kwa brashi na petroli kidogo au dawa ya kusafishia, halafu ikaushe kwa tambara na hewa. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi ya kati. Sasa nyunyiza unga wa chaki au poda ya mtoto kidogo kidogo kuanzia kwenye koki, ukishuka kwenye mpira, maungio yote, mzunguko wa bakuli, mpaka chini. Fungua koki bila kuwasha injini. Chukua tochi na utazame. Unga unaolowa kwanza ndio unaokuonyesha mahali. Usisogee kwenda kufanya jambo jingine. Ukirudi baada ya robo saa kila kitu kitakuwa kimelowa na utalazimika kuanza upya.

Hatua ya 3: Soma mahali inapotokea

Ikilowa kwenye mpira wa petroli au kwenye klipu yake, una bahati. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka pale unapovalishwa kwenye chuchu ya kabureta. Kata ncha iliyopasuka kama urefu unaruhusu, au weka mpira mpya wa petroli wa kipenyo sahihi. Mpira wa maji haufai, petroli huulainisha na kuumomonyoa.

Kwenye pikipiki zenye kabureta mbili au nne zilizounganishwa, tazama katikati yake. Petroli hupita kati ya kabureta na kabureta kwa vibomba vyenye oringi kila upande. Oringi hizo zikikakamaa, petroli hudondoka kati ya kabureta, mahali ambapo hakuna skrubu wala gasketi, na mtu huzunguka hapo siku nzima. Kuzibadilisha kunataka kabureta zitenganishwe, kwa hiyo thibitisha kwanza kwa unga.

Ikilowa kwenye mstari ambapo bakuli linakutana na mwili, ni gasketi au oringi ya bakuli, au skrubu zilizolegea, au uso wa bakuli uliopinda. Jaribu kukaza skrubu kwa kiasi, kwa mkato wa msalaba. Usikaze kwa hasira: mwili wa kabureta ni wa madini laini, na nyuzi zikiliwa umejiongezea kazi. Lakini jihadhari na jambo moja hapa. Kwenye kabureta isiyo na bomba la ziada, au ambayo bomba lake limeziba kwa uchafu, petroli iliyopanda kupita kiasi inaweza kujipenyeza hapohapo kwenye gasketi. Gasketi itaonekana mbaya kumbe tatizo ni sindano. Hatua ya 6 itakutenganishia mambo hayo mawili.

Baadhi ya kabureta zina pampu ndogo ya kuongeza petroli wakati wa kufungua kasi, iliyo kando au chini ya bakuli, yenye utando wa mpira na kifuniko cha skrubu chache. Utando huo ukitoboka, pale penye kifuniko hulowa.

Ikidondoka kwenye mdomo wa nyuma wa kabureta, ndani ya boksi la filta ya hewa, kimo kimepanda sana na petroli haikupata njia nyingine.

Na ikidondoka kwenye mpira wa ziada, umefika kwenye kesi ya kawaida kuliko zote. Ina wahalifu wasiopungua watatu, na seti ya vipuri humshika mmoja tu. Tutawatenganisha.

Kitu kimoja kisikutie hofu: kabureta za Amal kwenye pikipiki za Uingereza za zamani zina kitufe kidogo cha kubonyeza boya chini kabla ya kuwasha injini ya baridi. Petroli kutokeza unapobonyeza ni kazi yake. Isipokoma ukiachia, hapo ndipo kuna ugonjwa.

Hatua ya 4: Soma wakati inapotokea

Inavuja tu ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni, na wima inakoma? Boya limeegemea upande mmoja na kimo kimeinama kuelekea kwenye bomba la ziada. Mara nyingi maana yake ni kwamba kimo kiko juu kidogo kuliko kinavyotakiwa, au pini ya boya imelika. Sindano inaweza kuwa nzima.

Inavuja ikiwa imesimama, lakini ikitembea haivuji? Injini inakunywa kwa kasi inayozidi kile kinachopenya kwenye sindano. Kwa hiyo mlango, yaani sindano na kiti chake, unafunga nusu.

Inavuja baada ya kukaa juani na tangi limejaa? Angalia tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Likiziba, petroli ikipata joto hujenga shinikizo tangini na kuisukuma sindano ifunguke. Fungua kifuniko, ukisikia hewa ikitoka kwa nguvu na matone yakakoma, umempata.

Inavuja injini ikiwa imezimwa na koki ikiwa imefungwa? Basi vitu viwili ni vibovu, na kimoja si kabureta.

Hatua ya 5: Ipime koki peke yake

Vuta mpira wa petroli kutoka kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, na ufunge koki. Ngoja nusu saa. Koki nzima haitoi kitu. Ikidondosha, itengeneze hata kama utaitengeneza kabureta pia, maana siku sindano itakaponasa uchafu, koki ndiyo ulinzi pekee uliobaki.

Kuna koki za aina ya pili, zinazofunguliwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Hizi huwa na alama za ON, RES na PRI, bila OFF. Kwenye PRI petroli hupita moja kwa moja, injini ikizunguka au isizunguke. Pikipiki iliyoachwa kwenye PRI usiku kucha ina nafasi nzuri ya kuamka na silinda iliyojaa, kwa hiyo tazama mkono wa koki uko wapi kabla hujailaumu kabureta.

Koki hiyohiyo ina utando wa mpira ndani. Ukitoboka, petroli huteremka kwa mpira mwembamba wa mvuto na kuingia kwenye njia ya kuelekea silindani bila hata kupita kwenye bakuli la kabureta. Injini inatoa moshi mweusi, plagi inalowa, oili inapanda, na kabureta inasingiziwa. Kipimo ni rahisi: chomoa mpira mwembamba upande wa injini. Ukiwa na petroli ndani, koki imekufa.

Hatua ya 6: Mpira mwangavu

Kama una muda wa kipimo kimoja tu, fanya hiki. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, urefu wa kama sentimita 40, unaokaa vizuri kwenye chuchu iliyo chini ya bakuli. Uvalishe, kisha uinue ncha yake juu na kuufunga sambamba na kabureta, usimame wima ukigusa bakuli. Usiuache ushuke chini, petroli itamwagika. Pikipiki iwe wima. Sasa fungua koki, halafu legeza skrubu ya kumwagia ya bakuli mzunguko mmoja au zaidi kidogo. Petroli itapanda ndani ya mpira na kusimama. Kimo unachokiona kwenye mpira ndicho kimo kilichomo ndani ya bakuli.

Linganisha na mstari ambapo bakuli linakutana na mwili. Kitabu cha matengenezo cha pikipiki nyingi hutaja kimo hicho kwa milimita, juu au chini ya mstari huo. Huna kitabu? Kwa kabureta nyingi petroli husimama karibu na mstari, mara nyingi milimita chache chini yake. Weka alama kwa kalamu na uangalie kwa dakika kumi. Mambo matatu yanaweza kutokea.

Kimo kinapanda taratibu bila kusimama. Mlango haufungi: sindano, kiti, oringi ya kiti, au boya lisiloelea.

Kimo kinasimama imara, lakini juu mno. Mlango unafunga vizuri, ila unachelewa. Hapo ni marekebisho ya urefu wa boya, au boya limeanza kunywa petroli na kuwa zito.

Kimo kinasimama mahali pake sahihi, na kabla ya kipimo mpira wa ziada ulikuwa ukidondosha. Sindano haina kosa. Petroli inapita kwenye ufa wa bomba la shaba lililo ndani ya bakuli, au inapenya kwenye skrubu ya kumwagia. Wengi hawajui kwamba kwenye kabureta nyingi skrubu hiyo na bomba la ziada hutokea kwenye chuchu moja. Unaona tone kwenye mpira wa ziada, unahukumu kimo, kumbe ni oringi ya skrubu iliyochoka.

Hatua ya 7: Jaribu kuitibu bila kuifungua

Kama kimo kilipanda bila kusimama, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni chembe ya kutu kutoka tangini iliyokaa kati ya sindano na kiti. Fungua skrubu ya kumwagia, acha petroli ya koki itiririke kwenye chombo kwa sekunde kadhaa ili iondoe chembe hiyo, kisha funga. Gonga bakuli kidogo kwa mpini wa bisibisi. Mpini wa plastiki, si nyundo. Kimo kikisimama, umepata chanzo. Lakini hujamaliza: kilicholeta chembe ya kwanza kitaleta ya pili. Weka filta kwenye mpira wa petroli, chunguza nyavu ya koki, na utazame ndani ya tangi kwa tochi. Tangi lenye kutu litaishinda kila kabureta utakayoifungia.

Hatua ya 8: Sasa fungua

Skrubu za kabureta za Kijapani zinafanana na nyota ya kawaida lakini si hiyo. Zimetengenezwa kwa kiwango cha viwanda cha Japani kiitwacho JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida hukaa juu juu, ikateleza na kula kichwa. Mara nyingi skrubu hizo zina nukta ndogo kichwani. Tafuta bisibisi ya JIS. Ni ununuzi utakaoushukuru. Skrubu iliyogoma, ipake mafuta ya kulegeza na ipe muda, kisha igonge kichwani mara moja kabla ya kuizungusha. Kabureta za Bing kwenye BMW za zamani hazina skrubu hizo: bakuli hushikwa na waya wa springi, ambao huondolewa kwa kidole gumba.

Anza na bakuli. Liweke mezani likiwa sawa, skrubu ya kumwagia imefungwa, chini yake tandaza karatasi nyeupe iliyokauka. Jaza petroli polepole, ukiishia chini ya mdomo wa bomba la shaba. Ikidondoka tangu mwanzo, skrubu ya kumwagia au shina la bomba ndilo bovu. Badilisha oringi ya skrubu, au safisha ncha yake kama ni ya koni, na urudie. Ikianza kudondoka tu baada ya kufika kimo fulani, bomba limepasuka hapo. Ufa wake huwa mwembamba kama unywele, umesimama wima, na kwa macho matupu huuoni. Fundi wa kulehemu kwa risasi anaweza kuuziba baada ya bakuli kusafishwa na kukaushwa kabisa. Gundi za kawaida hazidumu ndani ya petroli.

Boya. Pini yake husukumwa kutoka upande usio na kichwa. Ukiipiga kutoka upande mbaya utavunja nguzo, na nguzo ikivunjika kabureta nzima imekwisha. Nenda taratibu. Boya la shaba litikise karibu na sikio. Ukisikia kimiminika ndani, limetoboka. Kama hakisikiki, lizamishe kwenye maji ya moto yaliyochemshwa mbali na sehemu ya kazi. Hewa ya ndani itapanuka na viputo vitakuonyesha tundu. Boya lenye petroli ndani lisikaribishwe kwenye moto wa kulehemu hata kidogo, litalipuka. Boya la plastiki lenye ufa libadilishe. La aina ya sponji ngumu hunywa petroli polepole kwa miaka. Lipime kwa mizani ndogo na ulilinganishe na jipya. Angalia pia mikwaruzo pembeni mwa boya: kama linasugua ukuta wa bakuli au gasketi iliyovimba, linakwama kabla ya kufunga.

Sindano. Itazame kwa kioo cha kukuzia kwenye ncha. Mstari mwembamba uliokata mviringo kwenye koni ni mwisho wake, haisagwi, hubadilishwa. Kwenye kitako chake kuna kipini kidogo chenye springi. Kibonyeze: kirudi chenyewe, laini. Kikikwama, kitu hicho hakitazimi mtikisiko wa injini tena na sindano itavuja ikitembea.

Kiti. Kisafishe kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, yenye dawa ya kung'arisha shaba, ukizungusha kwa vidole tu, kisha suuza na upulize. Usiweke sandpepa humo. Na kama kiti chako hufunguka, kifungue hata kikionekana safi, kwa sababu chini yake au ubavuni mwake kuna oringi au washa. Oringi hiyo ikikauka, petroli huzunguka nje ya kiti na kuingia bakulini huku sindano imefunga barabara. Ninaamini hii ndiyo sababu kubwa ya watu kubadilisha sindano mara mbili tatu bila nafuu.

Gasketi ya bakuli iliyovimba kwa petroli yenye ethanoli haitaki kurudi kwenye mfereji wake. Wakati mwingine husinyaa ikikaushwa siku moja, lakini mpya ni bora. Usipake silikoni. Petroli huimenya vipande vipande, na vipande hivyo huenda kukaa kwenye jeti, vile vitundu vidogo vinavyopitisha petroli ndani ya kabureta.

Hatua ya 9: Urefu wa boya

Rudisha kiti, sindano, boya na pini. Inamisha kabureta mpaka ulimi wa boya uguse kile kipini cha springi bila kukibonyeza. Hapo ndipo pa kupimia. Kabureta ikipinduliwa kabisa, uzito wa boya hubonyeza springi na kipimo kinakuwa cha uongo. Pima kutoka kwenye uso wa mwili, bila gasketi, hadi ukingo wa mbali wa boya. Namba ni ile ya kitabu cha pikipiki yako. Usichukue ya pikipiki ya jirani hata kama kabureta zinafanana. Kipimo kikiwa kidogo kuliko kinachotakiwa, petroli hupanda sana. Kikizidi, injini hukosa petroli kwenye mlima. Rekebisha kwa kukunja ulimi kidogo mno, kisha pima tena. Maboya yakiwa mawili, yote yawe kimo kimoja.

Hatua ya 10: Jaribu mezani, kisha kwenye pikipiki

Kabla ya kupambana tena na mipira ya kuunganishia, ning'iniza chupa ya petroli yenye mpira juu ya kabureta, nusu mita hivi, mezani kabureta ikiwa sawa. Acha ijae, tazama mpira mwangavu, ondoka kwa saa moja. Kupuliza kwa mdomo wakati kabureta imepinduliwa ni kipimo cha haraka, lakini pumzi haina subira ya petroli. Kabureta nyingi hufaulu kwa pumzi na kufeli usiku.

Ikipita, ifunge kwenye pikipiki, weka oili mpya kama ulimwaga ile ya zamani, fungua koki, kagua kila kiungo kwa unga, ndipo uwashe. Ikiwa bado kimo kinapanda, na umeshabadilisha sindano, boya ni zima, na kiti chako ni cha aina iliyopachikwa isiyofunguka, uso wa kiti umeliwa na kutu. Kuna mafundi wenye mashine wanaoweza kukitoa na kupachika kingine. La sivyo, tafuta mwili mwingine wa kabureta, na huku ukiusubiri, funga koki kila unapozima injini.